Mkaidi wa Kilima cha Mawe Meupe

Njombe, mwezi wa kumi, alasiri

Mwanangu Rodha,

Salamu tutapeana kesho asubuhi kwa mdomo, tukiwa tumesimama barabarani na baridi inatung'ata, kwa hiyo hapa naziruka. Naruka na mengine. Namna ya kukunja sare, kuamka kabla ya kengele, vijana wa huko na maneno yao, yote hayo umeshaambiwa na shangazi yako Tabita, na mchungaji, na hata yule mama muuza njegere ambaye hayamhusu. Mimi nina jambo moja, nalo limenikaa kooni tangu Jumatatu.

Umekwenda kwa shangazi yako kuaga, na najua hutarudi mapema, maana kwa Tabita hakuna mtu anayeaga kwa sahani moja. Baba yako amekwenda kuulizia lori kwa mara ya tatu leo, utadhani lori lina miguu ya kutoroka. Nimebaki na sanduku lako, na kalamu yako, na daftari ambalo nimelichana karatasi za katikati, utanisamehe. Nimeandika mistari hii michache, kisha nikainuka kwenda kufukuza kuku ambao hawakuwa wamefanya kosa lolote. Nimerudi. Ngoja niseme kabla sijainuka tena.

Jumatatu ulikuwa unakunja kanga zako, ukasema bila hata kunitazama, "Mama, nataka niende na mkaidi mmoja. Mzima, na mizizi yake. Sista mkuu wa hospitali ameandika kuna bustani nyuma ya wodi ya wazazi."

Nikachukua kanga moja nikaikunja.

"Na bomba la maji liko palepale, mama. Hautakauka hata siku moja."

"Hapana," nikasema.

"Kwa nini?"

"Nimesema hapana!" Nikabamiza mlango wa jikoni mpaka sufuria ya maharage ikaanguka.

Tangu siku hiyo unaniongelesha kama mtu anayemjibu karani wa boma. Ndiyo, mama. Sawa, mama. Najua unachofikiri. Unafikiri nina uchoyo, au naogopa wazee wa kanisa wasije wakasema binti yangu amekwenda kusomea uuguzi hospitalini na mitishamba. Wazee wa kanisa siwaogopi, wake zao wote wamepita mikononi mwa bibi yako mzaa mama, kwa dawa hiyohiyo. Kilichonifanya nibamize mlango ni lile neno bomba.

Wewe hujawahi kuuona mkaidi ukiwa hai. Umeona kile kipande kikavu tu, kilichofungwa kwenye kitambaa cha bibi yako, na umesikia wanawake wakisema kwamba mzizi wake ukisagwa na kubandikwa hutuliza ziwa la mzazi lililovimba. Jina lake la Kibena unalijua. Mkaidi ni jina alilolitunga baba yako kwa mzaha, na lililonifanya nisicheke naye utalisikia sasa hivi.

Huku kwetu Njombe hauoti. Kesho mtakapoanza safari mtapita vilima vya kijani na mabonde yenye ukungu, na mashamba ya miti ya miwati, na mpaka Makambako utaona udongo bado unapendeza. Lakini ukitoka Makambako kwa mguu kuelekea jua linakozama, kule nchi inakoshuka kwenda Usangu, utaona majani yanafupika. Miti inakuwa vichaka, vichaka vinaota miiba, na udongo unakuwa mwekundu, mgumu, umejaa changarawe. Huko ndiko nilikozaliwa. Huko kuna kilima chenye mawe meupe juu yake, na upande wake wa magharibi ndio mahali pekee nilipowahi kuuona mkaidi katika maisha yangu yote. Bibi yako naye alikuwa hajauona mahali pengine, wala mama yake.

Ni kichaka kidogo, hakizidi goti. Shina lake ni la kijivu na limenenepa chini kama kibuyu kilichozikwa nusu, na hicho kitako ndicho kinachotunza maji ya mwaka mzima. Majani hutoka mvua zikianza na huanguka mapema. Maua yanatangulia majani. Mwezi wa kumi, wakati hakuna kitu chochote kinachofikiria kuchanua, jua limeunguza kila kitu na mbuzi wanatafuna magome, mkaidi unatoa maua meupe yenye koo la njano, bila hata jani moja, kwenye changarawe ambayo huwezi kuotesha hata magugu. Baadaye mbegu zake hutoka na manyoya na kupeperuka.

Bibi yako hakuwahi kuchimba mzima. Alikuwa na kijiti chake cha kuchimbia, kifupi, kilichochongoka, kimelainika kwa mkono wake. Alichagua upande wa kivuli, akakwangua kokoto taratibu mpaka akaufikia mzizi wa pembeni, akakata urefu wa kidole, akapaka jivu kwenye jeraha, akarudisha kila jiwe mahali pake. Mkaidi ulioukata leo huugusi tena mpaka umeuona ukichanua mara mbili. Ilikuwepo saba. Aliijua mmoja mmoja, kama mtu anavyojua mbuzi wake.

Nimeinuka kutazama kama ndiyo wewe unakuja. Siyo wewe.

Nilipoolewa huku Njombe nilikuwa msichana mwenye majivuno, na majivuno yangu yalikuwa mikononi. Mama mkwe alinipa kinyungu, bustani ya kiangazi pale bondeni, kipande kilichokuwa kimewashinda, na kiangazi cha kwanza nilivuna humo njegere na viazi mpaka watu wakawa wanapita kutazama. Unanijua. Natengeneza matuta ya udongo mweusi yakanyooka, nachimba mifereji, maji ninayaambia yapite hapa na yanapita. Nikaamini kwamba hakuna kitu kinachoota ambacho mimi siwezi kukiotesha vizuri zaidi.

Mwaka wa pili nilikuwa na mimba yako. Nilikwenda kumsalimia bibi yako nikaona magoti yake yameanza kumsumbua, na wanawake wanamfuata mpaka kutoka mbali. Nikapata wazo. Nilisema, kwa nini mama apande kilima kila mara, kwa nini niishi mbali na dawa na mimi naelekea kuzaa? Nitaihamishia kwangu. Bondeni pana maji mwaka mzima. Itanenepa, itazaa, tutakuwa nayo hamsini.

Bibi yako hakupenda. "Ule mti haujazoea kulelewa," alisema. Lakini mimi nilikuwa binti yake wa pekee, tena mja mzito, na niling'ang'ania siku tatu. Mwisho akasema, "Haya. Chimba. Ila uache mmoja."

Ule mmoja nao sikuuacha kwa utii. Niliuacha kwa sababu ulikuwa umebanwa kati ya mawe mawili na jembe halikuingia.

Nilibeba sita kwenye tenga, nimeifunika kwa majani mabichi, nikatembea siku mbili kurudi Njombe. Niliipanda kwenye tuta zuri kuliko yote. Nikaweka samadi. Nikamwagilia asubuhi na jioni kwa kibuyu, taratibu, maji ya uvuguvugu asubuhi kwa sababu niliona baridi ya bondeni itaidhuru. Mimi, ambaye baba yako alikuwa anasubiri chai mpaka anakata tamaa.

Ikastawi, Rodha! Ungeiona. Ndani ya wiki chache ikatoa majani makubwa kuliko niliyowahi kuyaona kilimani, mapana, yanang'aa. Jirani wakaja kuishangaa. Mtu mmoja alikuwa anakwenda Makambako, nikampa maneno ampelekee bibi yako: mwambie mama yote sita imestawi sana, akija kunizalisha asihangaike kubeba dawa.

Kabla ya Krismasi niliinama kung'oa jani la njano, mkono wangu ukagusa kitako cha mmoja, na kidole kikazama. Kilizama kama kwenye ndizi iliyooza. Nikaenda kwenye wa pili, wa tatu. Majani juu yalikuwa bado mazuri. Chini ilikuwa uji mtupu wenye harufu. Nilimwita baba yako, akaja, akatazama, akataka kunichekesha maskini, akasema, "Huu mti ni mkaidi, unapewa chakula unakataa." Ndipo jina lilipotokea. Sikucheka. Nilichimba shimo nikaifukia yote sita, nikapanda njegere juu yake siku hiyohiyo, ili mtu akiuliza asione hata mahali.

Kuoza kwenyewe nimeshajisamehe. Sikujua, na mtu asiyejua hujifunza. Ninachokuandikia ni kile kilichofuata, yaani kwamba nilinyamaza.

Kulikuwa na watu wanaokwenda Makambako kila wiki. Ningeweza kutuma neno moja tu. Baba yako aliniambia, "Mwambie mama yako." Nikasema nitamwambia. Wiki ijayo. Baada ya Krismasi. Baada ya mvua kupungua. Nilikuwa nawaza maneno gani nitumie nisionekane mjinga, na kila nilipoyapata yalikuwa marefu sana kumpa mpita njia.

Mwezi wa pili bibi yako akaja, kwa miguu, na fimbo. Hakubeba dawa. Nikampokea, nikampikia, na bado nikanyamaza.

Ukazaliwa mwezi wa tatu, salama, unapiga kelele. Siku ya nne ziwa langu la kushoto likawa gumu kama jiwe, na moto. Siku ya tano nilikuwa natetemeka kwa homa. Bibi yako hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alikuwa ameshatuliza maziwa ya wanawake wengi asioweza kuwahesabu. Akaweka maji jikoni, akasema, "Tabita, mwambie mume wa huyu aende bondeni akakwangue ule mti wa dawa, mmoja tu. Upande wa kivuli. Kidole kimoja kinatosha."

Nikageukia ukutani. "Haipo, mama."

"Haipo vipi?"

"Imeoza. Yote."

"Lini?"

"Kabla ya Krismasi."

Akachochea moto. Nilisikia maji yakichemka. Kisha akasema, taratibu kabisa, "Nilipita chini ya kile kilima nikija huku. Nilipita palepale, mwanangu. Nilikuwa na kijiti mfukoni."

Sijawahi kupigwa na mama yangu. Siku ile ningeomba anipige.

Baadaye akaniuliza, "Ulimwagilia?"

"Ndiyo."

"Mara ngapi?"

"Asubuhi na jioni."

Akatikisa kichwa. "Umeulea kama viazi."

Kulipopambazuka hakuwepo. Alikuwa amechukua fimbo yake na kijiti chake, akaondoka na mvua ile ya mwezi wa tatu. Magari wakati ule yalikuwa ya kuhesabu, na kwenye matope yale hayakupita kabisa. Baba yako alimkimbilia akamkuta ameshavuka mto, akamwomba aende yeye badala yake. Alimjibu, "Wewe utauona ule mti ukadhani ni kijiti kikavu. Rudi ukamkande mkeo."

Alirudi siku ya saba tangu aondoke. Alikuwa na kipande cha urefu wa kidole, amekikata kwenye ule mmoja uliobaki. Ziwa lilikuwa limeshapasuka lenyewe, na kwa ile homa la kulia nalo lilikuwa limekauka. Alinibandika dawa hivyohivyo, na homa ikashuka, na mimi nipo. Lakini wewe ulikuwa umeshahamia kwa Tabita. Shangazi yako alikuwa ananyonyesha mtoto wake, akakuweka upande wa pili bila kuuliza swali, na hapo ndipo ulipokulia mpaka ukaota meno.

Tulikuambia kwamba maziwa yangu yalikuwa machache. Si kweli, Rodha. Yalikuwa mengi mpaka yananilowesha gauni. Niliyapoteza kwa kunyamaza miezi mitatu. Na kila nilipokuita utoke kwa shangazi yako urudi nyumbani, ukasema, "Mama ana wivu," ulikuwa umesema kweli. Nilikuwa na wivu mchana na usiku. Ulikuwa unacheka kama yeye. Mpaka leo unashika kikombe kwa mikono miwili kama yeye, na mimi naona.

Bibi yako hakupona ile safari. Kifua kilimbana, na magoti yakakataa kabisa. Alikaa hapa kwetu miaka minne, ndiyo maana wewe unamkumbuka akiwa ameketi tu karibu na moto na wewe ukimletea vijiti. Watu walipouliza alisema ni uzee. Kila mara alisema ni uzee, mbele yangu, bila kunitazama, na mimi nilikuwa namimina uji na kunyamaza tena.

Nimetoka nje kidogo. Upepo umeanza. Baba yako amerudi, anasema dereva amesema ni yaleyale ya asubuhi, nafasi ipo. Amenikuta nalia, amechukua jembe amekwenda kulima mahali palipokwisha kulimwa. Huyo ndiye baba yako.

Sikuandiki haya ili ukae kwenye lori ukinihurumia. Nakuandikia kwa sababu unakwenda kushika dawa za watu. Siku moja utakosea kipimo, au utamsahau mgonjwa, au utavunja kitu, na kitu chenyewe kitakuwa kidogo. Kiseme siku hiyohiyo, hata kwa maneno ya kijinga. Kuna mtu atakuwa anakuja njiani mikono mitupu kwa sababu wewe ulimwambia kila kitu kimestawi. Basi, hilo nimelisema, silirudii.

Bibi yako karibu na mwisho wake aliniambia, "Kilimani kumebaki mmoja. Usiuguse. Nenda ukautazame tu."

Unadhani nilisikia? Kila mwezi wa kumi niliposema nakwenda Makambako kuwasalimia wajomba zako, nilikuwa nakwenda kilimani. Wajomba niliwasalimia kwa dakika tano. Ulipokuwa na miaka saba ulilia unataka kunifuata, nikakukataza kwa ukali, kwa sababu ungeuliza na mimi ningelazimika kujibu. Basi nilifika pale na jembe. Mimi nikiona majani mkono unawasha. Nilipalilia. Nilifyeka vichaka vyote vya miiba vilivyouzunguka mkaidi ule mzee, nikaacha changarawe tupu inang'aa kama uwanja wa boma, ili upumue, ili mbegu zikianguka zipate mahali pasafi. Nikauzungushia uzio wa miiba kwa ajili ya mbuzi, nikarudi nyumbani nimeridhika.

Miaka sita nilifanya hivyo. Miaka sita ulichanua, ukatoa mbegu zenye manyoya, mbegu zikapeperuka juu ya uwanja wangu msafi, na hakuna hata moja iliyoota.

Kisha nikateleza bondeni nikavunjika mguu, unakumbuka, na miaka miwili sikwenda kokote. Nililala hapa nikijua kwamba mbuzi wameshautafuna na vichaka vimeshaumeza. Mwaka wa tatu nikaenda nikichechemea, bila jembe, kwa sababu sikuweza kubeba jembe na fimbo kwa pamoja.

Vichaka vilikuwa vimerudi, vimefika kiunoni. Ule mzee ulikuwepo, umechanua. Na hatua kama kumi chini yake, upande upepo unakoelekea, ndani kabisa ya kichaka kimoja cha miiba, pale mdomo wa mbuzi hauwezi kuingia wala jua la mchana halifiki sawasawa, kulikuwa na mitatu midogo. Haikuzidi kidole changu. Kila mmoja na kitako chake kama punje ya mahindi. Nilikaa chini nikacheka peke yangu mpaka mchunga mmoja akanikwepa akapita mbali. Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Ndio mwaka niliokuletea kile kitambaa chekundu bila sababu yoyote, ukaniuliza kuna nini, nikasema hakuna.

Hivyo sasa nakujibu. Iko minne. Ule mzee na mitatu, na mitatu hiyo mpaka leo haijapita kifundo cha mguu. Inataka changarawe nyekundu inayopitisha maji haraka. Inataka kiangazi kirefu, kikavu kabisa, na ule ukungu wa baridi wa mwezi wa sita, na jua la jioni. Ikiwa michanga inataka kujificha chini ya kichaka ambacho wewe na mimi tungekifyeka. Haitaki samadi. Haitaki kibuyu. Haitaki bomba, Rodha. Na haitaki kutazamwa kila siku na mtu anayehangaika kama mimi.

Mwaka jana mkubwa kati ya ile mitatu ulikuwa na kitumba kimoja kikaanguka kabla hakijafunguka. Mwaka huu huenda umechanua. Mwaka huu sijakwenda, maana nimekuwa nikishona sare zako.

Sasa sikia kinachonifanya niinuke na kuketi. Tangu Jumatatu nimekuwa nikijitayarisha kukuambia usiiguse, kama bibi yako alivyoniambia mimi. Lakini wajomba zako wanasema watu wanakata vichaka vya ule upande kwa ajili ya mazizi na mkaa, na mbuzi wamekuwa wengi. Kilima kile hakina mwenyewe. Huenda nikikaa na siri yangu nitakwenda mwaka kesho nikute changarawe na majivu. Na huko uendako umeniambia nchi ni kavu, wanawake wanatoka mbali. Labda nyuma ya ile wodi, mbali na bomba, kuna mahali pabaya pa mawe ambapo hakuna mtu angepanda chochote. Labda wewe ndiye mwenye haki. Sijui. Nilitaka uende ukiwa umeambiwa na mtu anayejua, nami sijui.

Dereva amemwambia baba yako kwamba Makambako lori litasubiri abiria wa Mbeya mpaka alasiri. Kwa hiyo utakuwa na muda. Toka nje ya mji kwa njia ya ng'ombe inayoelekea magharibi. Utapita mfereji mkavu, kisha nyumba ya mjomba wako mdogo, usiingie, akikuona hutatoka. Wapita njia watakuelekeza, wasalimie kamwene kwanza, kule hawapendi mtu anayeanza na swali. Kilima utakiona kwa mawe yake meupe. Pandia upande wa kushoto. Ule mzee uko kati ya mawe mawili, na shavuni mwake kuna kovu la urefu wa kidole. Pale ndipo mkono wa bibi yako ulipogusa mara ya mwisho. Kisha shuka hatua kumi, piga magoti, sogeza miiba kwa fimbo, utazame ndani.

Ukiamua kuiacha, iache. Ukiamua kuchukua mbegu, au mmoja kati ya mitatu, utachukua. Usinitumie neno kwamba imestawi. Nitumie neno ikioza.

Nasikia sauti ya Tabita huko njiani, amekusindikiza, na nasikia unacheka kile kicheko chake. Sina wivu leo, au ninao kidogo tu. Nimalize.

Kijiti cha bibi yako cha kuchimbia nimekiweka kwenye sanduku, chini ya blanketi, kimefungwa kwenye kile kitambaa chekundu. Nilikiweka Jumatatu jioni. Jumanne nikakitoa. Jana nikakiweka, leo asubuhi nikakitoa, na sasa hivi nimekirudisha tena. Naweka barua hii juu yake, nafunga sanduku, na ufunguo nampelekea baba yako huko anakolima, akupe kesho ukipanda lori na kukuambia ufungue kabla ya Makambako, ili mkono wangu usikirudie.

Mama yako